CHOKAA YA TAMBUU NA SIRI YA SELI

Najua kurasa hizi za chama chetu huwa zimejaa mashairi, vitendawili na insha za "Ningekuwa rais". Leo niwie radhi. Nataka kusema juu ya seli, kalsiamu na protini. Usifunge jarida! Nisubiri kidogo, kwa maana jambo lenyewe lilianzia jikoni kwetu, na wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutuambia afanyeje mkuu asiyeelezwa.

Mwaka juzi wahudumu wa afya walifika katika shule ya msingi anayosoma mdogo wangu. Watoto walipangwa mstari, wakapimwa kimo kwa mti wenye alama, na kila mmoja akapewa tembe za prazikwanteli kulingana na alama aliyofikia. Ni dawa ya kichocho. Mdogo wangu alikuwa ametoka nyumbani alfajiri bila hata kikombe cha chai. Alipewa tembe mbili, akazimeza, akakunja uso kwa uchungu wake. Kufika saa saba mchana alirudi anayumba, tumbo lamkata, akatapika pale pale kizingitini. Nyanya alimshika, akamwosha uso, kisha akasema neno moja tu: "Sumu."

Mwaka uliofuata, siku ya dawa ilipofika, mdogo wangu hakuonekana shuleni. Nyanya alimpeleka shamba la mpunga kuamia ndege. Na mkojo wake uliendelea kutoka mwekundu. Wenzake walimcheka, naye alizoea kujificha nyuma ya mnazi kila alipokwenda haja.

Mimi ndiye msomi wa nyumba, au ndivyo ninavyoitwa. Basi nikajitosa. Nilikuwa nimesoma juu ya dawa ile katika kitabu cha chuo kikuu alichoniazima mwalimu wetu wa Biolojia, na maneno yote yalikuwa kichwani. Lakini yalikuwa kichwani kwa Kiingereza! Nikaanza kummwagia nyanya Kizungu na Kiswahili cha kuungaunga. Alinitazama mpaka nikanyamaza mwenyewe. Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo ni dawa waieleza, ama wanisomea taarifa ya habari?"

Niliona haya, wallahi. Alama nilizopata katika mtihani wa Biolojia zilikuwa nzuri, lakini hazikuweza kumvukisha mtoto mmoja kutoka kwenye ugonjwa. Tangu siku hiyo nina maoni ambayo sitayaficha: elimu ambayo huwezi kumweleza mama yako kwa lugha yake bado hujaielewa wewe mwenyewe, na chama hiki cha Kiswahili kina deni. Tumekuwa hodari wa kupamba lugha, lakini tumeiacha sayansi ijisemee kwa Kiingereza peke yake, kana kwamba Kiswahili ni cha kuimbia na kuombolezea tu.

Hebu sasa nijaribu kulipa sehemu yangu ya deni.

Kalsiamu ni nini? Sisi watu wa Kwale tumekaa juu yake. Mwamba wa matumbawe unaopita Diani ukashuka pwani kuelekea Msambweni ni kalsiamu iliyoungana na kaboni na oksijeni. Maji ya visima vya pwani hayatoi povu upesi kwa sababu yamebeba chokaa ya mwamba huo. Wazee walichoma matumbawe katika tanuri, wakapata chokaa, wakajengea. Nenda pale mto Mwachema unapoingia baharini ukautazame msikiti mkongwe wa Kongo: jiwe la matumbawe juu ya jiwe, na katikati yake chokaa. Na ndani ya kijaluba cha nyanya kuna chokaa iyo hiyo, anayoipaka kwenye jani la tambuu kabla ya kutia popoo.

Mwilini kalsiamu ni nyingi; mtu mzima ana kadiri ya kilo moja, na katika kila sehemu 100, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno. Lakini leo nashughulika na ile sehemu moja iliyobaki, kwa maana hiyo ndiyo tarishi wa seli.

Mwaka 1883 daktari mmoja Mwingereza, Sydney Ringer, alieleza jambo la ajabu kutoka London. Alikuwa akifanya majaribio na moyo wa chura uliotolewa mwilini. Ukitiwa katika maji ya mfereji yenye chumvi, moyo uliendelea kupiga. Lakini maji yalipotengenezwa kwa maji safi yaliyotoneshwa, moyo ulidhoofika ukasimama. Maji ya mfereji wa London yalikuwa na kalsiamu, na hayo mengine hayakuwa nayo. Kumbe kalsiamu si ya mifupa tu. Kuna mahali inatoa amri.

Amri hiyo hutolewaje? Sikiliza, kwa maana hapa ndipo penye utamu. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Nje ya utando, kalsiamu ni nyingi mara 10,000 hivi kuliko ndani. Seli haitaki kalsiamu izagae ndani, manake seli hutumia fosfeti katika shughuli zake za nguvu, na kalsiamu ikikutana na fosfeti kwa wingi hugandamana nayo kama jiwe. Kwa hiyo seli ina pampu zinazoitoa usiku na mchana, na ghala za ndani zinazoifungia. Sasa fikiria kijiji kilicho kimya kabisa usiku. Mtu mmoja akipiga mbiu, kila mmoja atasikia. Ndani ya seli ni kimya cha namna hiyo. Mlango ukifunguliwa, kalsiamu kidogo ikaingia, habari zimeenea mara moja.

Lakini mbiu bila masikio ni kelele. Masikio ya seli ni protini, na nyingine kati ya hizo zina tabia moja ya kupendeza: kalsiamu inapokuwa chache huelea ndani ya seli bila kazi, na kalsiamu inapopanda hukimbilia kwenye utando na kuushika.

Kwa nini kalsiamu iwe ndiyo sababu ya kushika? Hapo nilikwama siku nyingi, nikaokolewa na msikiti wa Kongo. Upande wa ndani wa utando wa seli una mafuta yenye chaji hasi. Sehemu ya protini inayotaka kuushika nayo ina chaji hasi. Hasi na hasi husukumana, kama mawe mawili makavu yasiyokubali kukaa pamoja. Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili. Inakaa katikati, inashika protini upande huu na utando upande ule. Ni chokaa kati ya mawe mawili! Kalsiamu ikiondoka, protini huachia utando na kurudi kuelea. Tofauti na ukuta ni kwamba chokaa hii inakauka na kulainika mara nyingi kwa siku.

Nitataja protini tatu tu, usije ukanisinzia.

Ya kwanza ni jamii ya aneksini. Binadamu tuna aina 12. Moja ya kazi za baadhi yake ni kuziba utando uliochanika. Misuli inapofanya kazi ngumu, tando za seli hupata nyufa. Kalsiamu ya nje huingia kwa nguvu kupitia ufa, na kule kuingia kwenyewe ndiyo ishara ya hatari. Aneksini hukusanyika pembeni mwa ufa na kusaidia kuuziba, tena ndani ya sekunde chache. Aliyemwona fundi wa Gazi akitia kalafati katika ngalawa atanielewa: maji yanayopenya ndiyo yanayomwonyesha fundi mahali pa kupachika pamba.

Ya pili ni kinasi C, kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 1977 na Yasutomi Nishizuka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani. Homoni fulani ikigonga mlango wa seli, mafuta fulani ya utando hukatwa vipande viwili. Kipande kimoja huenda kufungua ghala za kalsiamu, na kingine hubaki kwenye utando. Kalsiamu ikitoka ghalani, inaipeleka kinasi C kwenye utando, na pale inakutana na kile kipande cha mafuta kilichobaki. Ni mpaka vyote viwili viwepo ndipo kimeng'enya kinapoamka vizuri na kuanza kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, hii iwashwe, ile izimwe. Mnalijua sanduku la chama cha akina mama, lenye makufuli zaidi ya moja na funguo kwa watu mbalimbali? Ndivyo hivyo. Mtu mmoja hawezi kulifungua peke yake, na hivyo seli haidanganywi na ishara moja ya bahati mbaya.

Ya tatu ni sinaptotagmini, ya mishipa ya fahamu. Unaposoma mstari huu, seli moja ya ubongo inamwaga kemikali ili seli jirani ipate habari. Kemikali hiyo imo ndani ya vifuko vilivyoegeshwa karibu na utando kama daladala zinazongoja abiria. Kalsiamu ikiingia, sinaptotagmini inashika utando, na kifuko kinafunguka katika muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Thomas Südhof, aliyefafanua kazi ya protini hii, alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2013.

Waama, utaniuliza: haya yote yanahusu nini Kwale? Yanahusu sana. Kijidudu cha malaria, ambacho kila nyumba hapa inakijua, hutumia mbinu iyo hiyo. Kinapotaka kuingia katika seli nyekundu ya damu, kalsiamu hupanda ndani yake, nacho hukimwaga kile kinachokisaidia kujishikiza na kupenya. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba protini moja ya jamii ya DOC2, yenye sehemu ya kushika utando kwa msaada wa kalsiamu, inahitajika katika umwagaji huo. Adui yetu naye ana chokaa yake.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Mnyoo wa kichocho huingia kupitia ngozi mtoto anapooga au kuvuka maji yenye konokono wabebao viluwiluwi vyake. Ukikomaa hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, dume na jike pamoja, na unaweza kukaa miaka. Mayai yake hutoboa ukuta wa kibofu, ndiyo maana damu huonekana katika mkojo. Ugonjwa ukiachwa huleta upungufu wa damu, hudumaza watoto, huharibu kibofu na hata kuleta saratani. Msambweni si mgeni wa habari hii. Miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya na wenzao wa Marekani walifanya utafiti huko kwa kuwatibu wanafunzi, wakilinganisha dawa mbili, na prazikwanteli ikiwa mojawapo. Kwa hiyo sehemu ya yale ambayo ulimwengu unajua kuhusu dawa hii ilitoka katika mikojo ya watoto wa kwetu. Je, ni haki habari hizo zirudi kwao kwa lugha wasiyoielewa?

Mnyoo huo huponea kwa ngozi yake. Ngozi hiyo ni utando hai unaoudanganya ulinzi wa mwili, na wataalamu wamekuta humo protini za jamii ya aneksini, zile zile za kalafati. Prazikwanteli ikifika, kalsiamu humiminika ndani ya mnyoo. Kwa miaka mingi haikujulikana mlango gani unafunguliwa. Ilikuwa mwaka 2019 watafiti walipotangaza kwamba wameupata: ni mlango wa ioni katika mnyoo wenyewe, ambao dawa huufungua. Mbiu isiyokoma! Misuli ya mnyoo hukakamaa, ngozi yake hufura na kuchanika, na ulinzi wa mwili, uliokuwa umedanganywa siku zote, huuona adui.

Nilipoyapanga haya kwa Kiswahili nilirudi kwa nyanya. Safari hii sikubeba kitabu. Nilimkuta barazani na kijaluba chake.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba. Umekuja na Kizungu chako tena?"

"La. Nimekuja kuuliza. Chokaa ikizidi kwenye tambuu huwaje?"

"Si huunguza mdomo! Swali gani hilo?"

Basi nikamwambia kwamba mnyoo una mlango wa chokaa, na kwamba dawa huufungua, chokaa ikazidi ndani ya mnyoo ikauunguza. Akatafuna kimya. Kisha akanipiga swali ambalo hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza:

"Na mtoto je? Yeye naye hana milango?"

Nikamweleza kwamba milango yetu si sawa na ule wa mnyoo, na ufunguo uliotengenezwa kwa kufuli moja haufungui kila kufuli. Nikamweleza pia kwamba kizunguzungu, kichefuchefu na kuumwa tumbo hutokea kwa baadhi ya watu, zaidi kwa wenye minyoo mingi, na kwamba kumeza dawa baada ya kula hupunguza usumbufu huo na kuisaidia dawa kuingia mwilini. Akasema polepole, "Kumbe alitapika kwa kuwa alikwenda na njaa. Mbona hamkuniambia?"

Mbona hamkuniambia. Msomaji, maneno hayo mawili bado yananichoma. Nyanya hakuwa mjinga. Alimwona mtoto akitapika, akaamua kama mzazi yeyote mwenye mapenzi. Kosa lilikuwa letu tuliojua na kunyamaza, au tuliosema kwa lugha ya kujisifu.

Mwaka huu mdogo wangu alikunywa chai kwa mahamri mawili, akaenda akameza tembe zake. Alirudi amechoka kidogo, jioni akacheza mpira. Lakini nyanya hakuniachia hapo. Aliniuliza, "Akirudi kuoga kule kule, je?" Nikakiri kwamba ataambukizwa upya, kwa sababu dawa haikingi, na tena haiwezi sana minyoo iliyo bado michanga. "Basi," akasema, "mwaeleza chokaa vizuri, lakini maji safi ndiyo hamjaleta." Sina jibu la hilo. Naliandika hapa ili wakubwa watakaosoma walione.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi, na kwamba "kalsiamu" na "aneksini" si Kiswahili. Nawauliza: meza ilitoka kwa nani? Si Wareno? Na shule je, si Wajerumani? Na kitabu si Waarabu? Lugha yetu ni mgeni njoo mwenyeji apone. Isitoshe, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi nzima ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo, watumiaji ndio tumelala.

Wa pili watasema mtihani wa sayansi ni kwa Kiingereza, tusipoteze wakati. Kweli, mtihani ni kwa Kiingereza, nami sisemi tuufute kesho. Lakini mimi mwenyewe niliweza kukariri habari za kalsiamu bila kuzielewa. Nilipolazimika kutafuta mfano wa jiwe na chokaa ndipo nilipojiuliza kwa nini protini ishike utando. Kueleza kwa Kiswahili hakukuniondolea alama hata moja. Kulinifunulia.

Wa tatu, na hawa ndio nawaheshimu zaidi, watasema mifano hupotosha: kalsiamu si chokaa, na mnyoo hauungui. Wana haki. Kalsiamu ya seli ni ioni ndani ya maji, si unga wa kijaluba, na mnyoo hufa kwa kukakamaa na kuchanika, si kwa moto. Kila mfano una mahali unapokatika, na mwelezaji mwaminifu lazima aseme umekatika wapi. Lakini mtu anayevuka mto kwa daraja la mbao hakatai daraja kwa kuwa si la chuma.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mosi, kila toleo la jarida hili liwe na ukurasa mmoja wa sayansi kwa Kiswahili, ukisahihishwa na mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Biolojia wakiwa pamoja. Pili, chama kianze daftari la istilahi, kila mwanachama alete maneno matano kwa muhula. Tatu, kabla ya siku ya dawa katika shule za msingi za jirani, wanachama waende pamoja na walimu na wahudumu wa afya, wakaeleze wazazi kwa Kiswahili na Kidigo: dawa ni ya nini, mtoto ale nini kabla, na asishangae nini baada yake. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Urasmi wa karatasi hautoshi kama hauwezi kufika barazani kwa nyanya.

Nikunje jamvi. Seli, ndugu msomaji, haiishi kwa kuwa na habari nyingi nje ya utando. Huishi kwa kuwa na mlango wa kuingizia habari, na kitu ndani kinachozishika na kuzifanyia kazi. Shule yetu ina habari nyingi mno. Lugha ya mama zetu ndiyo mlango. Haya, nani atakuwa wa kwanza kuleta maneno matano?

Mwanachama, Kidato cha Tatu